Nasaba ya Punje: Kwa Nini Ngano Hukataa Joto la Ziwani

Kijana mmoja wa Mwanza, mwanafunzi wa sekondari, ametuandikia barua yenye maswali mawili, nasi tumeona si vema kumjibu kwa mistari michache katika ukurasa wa barua, kwani aliyoyauliza yahusu kila nyumba iliyo na jiko. Mama yake, asema, huuza chapati na mandazi, na katika mwezi wa Ramadhani huongeza kaimati na mikate kwa ajili ya futari za majirani. Mwaka 2022, bei ya unga wa ngano ilipopanda kwa ghafula, mama huyo alipunguza kwanza ukubwa wa chapati, kisha akapunguza idadi yake, na mwisho akakaa wiki mbili bila kuwasha jiko la biashara. Kijana akaliangalia Ziwa, maji yasiyo na ng'ambo machoni, akajiuliza: ikiwa maji tunayo, na ardhi tunayo, na jua tunalo, kwa nini ngano yetu itoke nchi za mbali? Hilo ndilo swali la kwanza.

La pili alilisikia barazani. Mtu mmoja alisema kwamba wataalamu wanaochanganya mbegu wanabadili maumbile ya Mwenyezi Mungu, na kwamba Mwislamu hapaswi kupanda mbegu zao. Kijana ataka kujua kama maneno hayo yana msingi.

Mwishoni mwa barua ameongeza jambo ambalo kwake lilikuwa dogo, nasi tumelipa uzito. Bibi yake aliyeko Magu ana kibuyu cha mbegu ya mtama, kimefunikwa kwa majivu, kimetundikwa juu ya meko tangu wajukuu hawajazaliwa. Watoto wa mjini wamemshauri akitupe, anunue mbegu za dukani. Tutalirudia jambo hili.

Kwanza tuseme juu ya bei. Ngano nyingi inayoliwa Tanzania hununuliwa nje. Huteremshwa bandarini Dar es Salaam, husagwa, nayo hupanda bara kwa reli na kwa malori hata kufika kwetu. Mnamo Februari 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, nchi mbili hizo kwa pamoja zilikuwa zikitoa zaidi ya robo ya ngano iuzwayo baina ya mataifa. Bandari za Ukraine za Bahari Nyeusi zikafungwa, na moshi wa vita vile ukaonekana, kwa namna yake, katika karai la mama mmoja wa Mwanza.

Wala si jambo jipya kwa Waislamu kula ngano iliyotoka mbali. Wasomaji wetu wakumbuke habari ya Zaka ya Fitri. Zama za Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) watu wa Madina walitoa pishi ya tende au ya shayiri, Abu Said al-Khudri (R.A.) ametaja pia zabibu na jibini kavu, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Shayiri na tende ndizo zilizostahimili jua la Hijazi. Ngano nzuri ilitoka Sham, nayo ilikuwa na thamani hata Muawiya alipokuja Madina katika utawala wake alisema juu ya mimbari kwamba yeye aona vibaba viwili vya ngano ya Sham vyalingana na pishi nzima ya tende. Abu Said hakukubali, akaendelea kutoa pishi kamili kama alivyozoea. Kutoka hapo wanazuoni wamekhitalifiana: Mahanafi hutosheka na nusu pishi ya ngano, na Mashafii hutaka pishi nzima. Sisi hatukusudii kulifungua suala hilo la fiq-hi. Tumelitaja ili ionekane kwamba hata katika karne ya kwanza ya Hijra watu walijua kuwa ngano ina nchi zake, na nchi ya joto kali haikuwa mojawapo.

Sasa tumjibu kijana juu ya Ziwa. Mtu akiona mmea umenyauka hudhani umekosa maji tu. Lakini ngano huteswa na maadui wawili, kiu na joto, na maji ya Ziwa yaweza kumwondoa adui mmoja peke yake. Mwanza iko karibu mno na mstari wa Ikweta, katika kimo cha mita 1,100 na kidogo juu ya bahari. Mchana joto aghalabu hufika nyuzi 28, na usiku haliteremki sana chini ya nyuzi 17 au 18. Sisi wakazi twaiona hali hiyo kuwa ya neema. Ngano yaiona kuwa homa isiyopoa.

Yafaa tueleze ni kwa nini. Mmea hutengeneza sukari yake mchana kwa mwanga wa jua, na usiku hutumia sehemu ya sukari hiyo kwa ajili ya uhai wake, kama mtu anavyotumia chakula hata akiwa usingizini. Usiku ukiwa wa baridi, mmea hutumia kidogo na kuweka akiba kubwa katika punje. Usiku ukiwa na joto, huila akiba yake mwenyewe. Tena joto huuharakisha umri wa mmea. Ngano ambayo katika baridi ingepata siku 40 au zaidi za kujaza punje, katika joto hupata siku chache zaidi. Suke hukauka kabla punje hazijashiba, na mkulima huvuna makapi mengi na unga kidogo. Na hatari kubwa kuliko zote iko katika siku chache za kuchanua. Joto likizidi nyuzi 30 siku hizo, chavua, yaani vumbi la kiume la ua, hupoteza nguvu, na kiota cha punje hubaki kitupu. Suke laweza kusimama limenyooka na zuri kwa kutazama, kumbe halina kitu ndani.

Ndiyo sababu ngano ya Tanzania hulimwa Hanang, Karatu, Monduli na Siha, na katika nyanda za juu za kusini kama Makete na Njombe. Jirani zetu wa Kenya huilima Njoro na Narok, mahali penye kimo kikubwa na usiku wa baridi. Na kando ya maji makubwa kuna unyevu wa hewa unaoleta maradhi ya kuvu. Bangladesh, nchi ya Waislamu wengi na ya joto lenye unyevu, mwaka 2016 iliingiwa na ugonjwa uitwao mlipuko wa ngano, ambao hukausha suke zima likiwa bado changa. Wakulima wengine walichoma mashamba yao kwa moto. Kwa hiyo mtu akichota maji ya Ziwa kumwagilia ngano, atakuwa amemtuliza adui wa kiu na kumkaribisha mwingine.

Lakini kijana atauliza, na ana haki: je, haiwezekani kupata ngano isiyoogopa joto? Hapa twaingia katika kiini cha makala haya, nacho ni habari ya urithi.

Kila punje ina nasaba kama mtu alivyo na nasaba. Ndani ya kila chembe hai ya mmea mna nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu, na juu ya nyuzi hizo yamepangwa maagizo ya urithi, ambayo wataalamu huyaita jeni. Agizo moja husaidia kuamua urefu wa shina, jingine rangi ya punje, jingine siku ya kuchanua. Mtoto wa mmea hupokea nusu kwa baba na nusu kwa mama, na ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hufanana bila kuwa sawasawa.

Nasaba ya ngano ya mkate ni ya ajabu kuliko nyingi. Babu zake ni nyasi tatu za mwitu za nchi za Mashariki ya Kati. Nyasi mbili za kwanza zilichanganyika zamani sana kabla ya kilimo. Kisha, yapata miaka 8,000 au zaidi iliyopita, upande wa Bahari ya Kaspi katika pande za Iran, ngano ya kale iliyokuwa ikilimwa ilikutana na nyasi ya tatu iliyoota pembeni mwa shamba, upepo ukachukua chavua, na kwa idhini ya Mwenyezi Mungu ukazaliwa mmea mpya uliobeba urithi wa wote watatu. Hapana mtaalamu aliyekuwapo. Kwa sababu hiyo ngano ya mkate ina kromosomu 42, na maandishi yake ya urithi ni marefu kama mara tano ya yale ya mwanadamu. Wataalamu wa mataifa mengi walishirikiana kwa miaka mingi hata wakayasoma na kuyapanga, wakayatangaza mwaka 2018. Jeni walizozihesabu zapita 100,000. Twaandika hesabu hii ili kijana aelewe kwamba atafutaye ndani yake jeni za kustahimili joto anatafuta majina katika daftari la mji mkubwa.

Tena hapana jeni moja iitwayo jeni ya ukame. Hili ndilo watu wengi hawalijui, na hata magazeti hukosea. Yako mambo ya mmea yanayotawaliwa na jeni moja au mbili. Ufupi wa shina, kwa mfano, uliochukuliwa katika ngano ya Kijapani iitwayo Norin 10, ulitumiwa na Norman Borlaug kule Mexico kupata ngano fupi isiyoanguka kwa uzito wa masuke. Mbegu zake zikaleta mavuno makubwa Pakistan na India katika miaka ya 1960, naye akapewa Nishani ya Nobel ya Amani mwaka 1970. Vivyo hivyo kinga ya kutu ya shina yaweza kutegemea jeni moja. Lakini kinachosimama juu ya mguu mmoja huanguka kwa teke moja. Mwaka 1998 kule Uganda ilionekana kutu mpya iliyoivunja kinga iliyotegemewa na ngano nyingi za dunia. Waliiita Ug99, jina la jirani yetu likaingia katika vitabu vya kilimo kwa njia ambayo asingeitaka.

Ustahimilivu wa kiu na joto haukai hivyo. Umegawanyika katika makumi na mamia ya jeni, kila moja ikichangia kidogo. Moja huongeza kina cha mizizi, nyingine hupaka jani nta nyeupe ili maji yasitoroke, nyingine huufanya mmea uchanue mapema kabla jua halijawa kali, nyingine hulibakisha jani likiwa kijani wakati majani ya jirani yamekwisha kunyauka. Na ubaya ni kwamba faida ya mwaka mmoja huweza kuwa hasara ya mwaka wa pili. Mbegu iwahiyo kukomaa huokoka mvua zikikatika mapema. Lakini mvua zikiwa njema, jirani aliyepanda mbegu ya muda mrefu humpita kwa magunia. Mizizi mirefu hufaa penye maji chini ya udongo, na penye mwamba karibu hupoteza nguvu bure.

Wasukuma walielewa jambo hili kwa macho kabla halijaandikwa kwa takwimu. Shamba la familia moja laweza kuanzia juu kwenye luseni, udongo wa mchanga chini ya majabali, likashuka mpaka itogoro, likaishia mbugani penye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi na kushika maji wakati wa masika, ambako siku hizi huchimbwa majaruba ya mpunga. Mvua ni ile ile, iliyonyesha usiku ule ule. Mazao hayalingani. Twakumbuka hapa yale Qur'ani Tukufu inayotueleza katika Suratul Raad juu ya vipande vya ardhi vilivyopakana, vyenye mizabibu na nafaka na mitende, vinavyonyweshwa maji ya aina moja huku matunda yao yakipitana kwa ubora. Na kwamba katika hayo mna ishara kwa wenye kufikiri. Mtaalamu wa mbegu kazi yake yote ni kufikiri juu ya tofauti hizo: je, mmea huu umezidi kwa sababu ya nasaba yake, au kwa sababu ya udongo uliosimama juu yake? Ili ajue hana budi kupanda mbegu ile ile katika mahali pengi na miaka mingi. Ndiyo sababu tangu siku ya kuchanganya ua kwa ua mpaka siku mkulima anaponunua mfuko wa mbegu hupita aghalabu miaka 10 au zaidi. Kijana aliyemaliza darasa la saba siku ya mchanganyo huweza kuwa baba siku ya mavuno.

Hata hivyo kazi imefanyika, na katika nchi za ndugu zetu. Sudan hulima ngano katika Jazira, baina ya Nili mbili, penye joto ambalo ngano ya Ulaya isingelivumilia hata wiki mbili. Wataalamu wa Wad Medani walichagua mbegu zinazochanua na kukomaa ndani ya miezi michache ya ubaridi. Na kando ya mto Senegal, ambako joto hufikia nyuzi 35 hata 40, ngano ngumu ya kutengenezea tambi na kuskusi ilijaribiwa kati ya misimu miwili ya mpunga, ikakomaa kwa siku 92 hivi. Wakuu wa kazi hiyo, Rodomiro Ortiz na Filippo Bassi, walitunukiwa mwaka 2017. Kwa hiyo jibu la swali la kwanza si kwamba haiwezekani kabisa. Jibu ni kwamba Sudan na Senegal zina majira ya ubaridi na hewa kavu, jambo ambalo pwani ya Ziwa letu haina. Na mwenye kutaka ngano ya Mwanza atapigana na joto la usiku na kuvu kwa pamoja, vita ambavyo sisi hatumshauri mtu wa ekari tatu kuvianza.

Tena kwa nini avianze, ilhali ameketi juu ya hazina? Mtama ni mzaliwa wa bara hili. Katika Sudan ya mashariki wachimbuzi wa mambo ya kale wameona alama za punje za mtama uliokwisha kuanza kufugwa na mkono wa mtu, zilizogandamana katika vigae vya vyungu vya zaidi ya miaka 5,000. Jua la Afrika ndilo lililoulea. Jani lake lina nta. Kiu ikizidi hujikunja kama mkeka. Na mtama una uwezo ambao ngano hauna, wa kusimamisha makuzi yake na kungoja, kisha mvua ikirudi ukaendelea. Hata njia yake ya kutengeneza sukari ni ya namna nyingine, ile ya mahindi na miwa, inayofanya kazi vizuri katika joto na kutumia maji kwa uchache zaidi.

Maandishi yake ya urithi ni mafupi kuliko ya ngano, kromosomu 20 tu, nayo yalisomwa na kutangazwa mwaka 2009. Humo wataalamu wamekuta sehemu nne hasa zinazoufanya mmea ubaki kijani ukame unapoingia wakati wa kujaza punje. Mtama uliowapa ufunguo huo ulitoka Ethiopia, wa jamii iitwayo dura, neno lililotokana na jina la Kiarabu la mtama. Wakulima wa Ethiopia, ambao hapana ajuaye majina yao, ndio waliouchagua mwaka baada ya mwaka kwa kuweka kando masuke yaliyosimama wakati mengine yamelala.

Wakazi wa Mwanza wanaopita barabara ya Shinyanga huiona Ukiriguru, kilomita 30 hivi kusini ya mji, katika Wilaya ya Misungwi, na wengi huijua kwa pamba tu. Ni kweli, tangu miaka ya 1930 kituo hicho kimetoa mbegu za pamba, na herufi UK zilizo katika majina kama UK91 ni za Ukiriguru yenyewe. Pamba hutupa mfano mwema wa urithi uonekanao: majani yenye manyoya huwazuia wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, na mchagua mbegu huweza kuyapapasa manyoya hayo kwa vidole. Ustahimilivu wa kiu haupapasiki. Huko huko Ukiriguru walijaribu pia kufunga matuta kwa vikingio vya udongo ili mvua isitiririke ikaenda zake, na hilo ni fundisho kwamba mbegu njema juu ya udongo uliovuliwa maji haifai kitu. Na huko ndiko alikofanyia kazi ya mtama Hugh Doggett kabla ya kuhamia Serere nchini Uganda, ambako katika miaka ya 1960 ulitoka mtama uitwao Serena, wenye punje za kahawia zilizo chungu kwa ndege. Aliyepata kukesha shambani akifukuza kwelea kwelea ajua uchungu huo ni rehema, ingawa ugali wake haumpendezi kila mtu.

Adui mwingine wa mtama Usukumani ni kiduha, kile kimmea chenye maua mazuri kinachonyonya mizizi chini kwa chini, na hupenda mashamba yaliyochoka na yenye kiu. Gebisa Ejeta, mwana wa Ethiopia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, aligundua kwamba mizizi ya mtama hutoa ishara inayoiamsha mbegu ya kiduha usingizini, na kwamba baadhi ya mitama kwa urithi wake hutoa ishara hiyo kwa uchache mno. Mwaka 2002 mitama miwili iliyotokana na kazi hiyo iliidhinishwa nchini Tanzania, ikapewa majina ya Hakika na Wahi. Ejeta alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009. Vijana wetu walitambue jina hilo, kwani alizaliwa katika kijumba cha nyasi na mama aliyemhimiza kusoma.

Sasa swali la pili, lile la barazani. Wasomaji wanajua habari iliyopokewa katika Sahihi Muslim, ya Mtume (S.A.W.) kuwakuta watu wa Madina wakipandisha mitende, yaani wakichukua chavua ya mtende dume na kuitia katika ua la mtende jike kwa mikono yao. Aliposema kwamba haidhani kazi hiyo kuwa na faida, waliiacha, na mwaka ule tende zikatoka mbovu. Alipoelezwa, aliwafahamisha kwamba wao ni wajuzi zaidi wa mambo ya dunia yao. Basi, kazi ya mchagua mbegu, katika sehemu yake kubwa, ni hiyo hiyo: hutoa chavua ua hili, huitia ua lile, hungoja, hupima. Hapana aliyewaambia watu wa Madina kuwa wamebadili maumbile. Na kabla ya wazungu kuwa na vituo vya mbegu, Ibnul Awwam wa Sevilla katika karne ya 12 aliandika kitabu kikubwa cha kilimo chenye mafunzo ya udongo, maji na kuunganisha miti.

Liko jambo jingine ambalo ni lazima tulitenge. Siku hizi huweza kuchukuliwa jeni ya kiumbe cha aina nyingine kabisa ikatiwa katika mmea. Argentina mwaka 2020 iliidhinisha ngano iliyotiwa jeni ya alizeti ili istahimili ukame. Wanazuoni wanalizungumza jambo hilo, wakitazama madhara na manufaa yake, na sisi hatujipi mamlaka ya mufti. Kijana amwulize sheikh wake, lakini kwanza amweleze vema ni mbegu gani anayoiuliza, maana barazani mambo haya mawili huchanganywa katika gunia moja, na mkulima masikini huachwa na khofu ya kupanda Hakika, ambayo haina ndani yake ila mtama kwa mtama.

Tulisema tutakirudia kibuyu cha Magu.

Kama ustahimilivu wa joto na kiu umetawanyika katika jeni nyingi, basi umetawanyika pia katika mbegu nyingi, na hapana ajuaye leo ni ipi itakayohitajiwa kesho. Wataalamu waliolinganisha hesabu nyingi wamekadiria kwamba kila joto la dunia likipanda kwa nyuzi moja, mavuno ya ngano duniani hupungua kwa sehemu 6 hivi katika 100. Atakayetaka kuirudisha hasara hiyo itampasa arudi kwa mababu wa ngano, kwa nyasi za mwitu na mbegu za kale za vijijini, kutafuta yale maagizo yaliyosahauliwa. Na mbegu hizo zilihifadhiwa wapi? Sehemu kubwa ya zile za nchi kavu za Waislamu zilikuwa karibu na mji wa Halab katika Syria, katika hifadhi ya ICARDA. Vita vilipoingia, watunzaji walikuwa wamekwisha kupeleka nakala za mbegu nyingi Svalbard, visiwa vya Norway vyenye barafu, ambako tangu 2008 kuna ghala lililochimbwa mlimani. Mwaka 2015 walikwenda kuzitoa, mara ya kwanza ghala lile kufunguliwa kwa ajili ya kutoa, wakazipanda upya Lebanon na Morocco. Yaani ngano ya Sham, ile ile ambayo Muawiya aliipima juu ya mimbari, iliokolewa na barafu ya kaskazini.

Sudan haikuwa na bahati hiyo yote. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vilifika Wad Medani mwezi wa Desemba, na hifadhi ya mbegu ya mji huo iliharibiwa. Kilichookolewa kiliweza kupelekwa Svalbard Februari 2025, na mtama ukiwemo. Sisi Tanzania tuna hifadhi ya taifa ya mbegu iliyoko Arusha, lakini hapana hifadhi iliyokwisha kufika katika kila meko.

Kwa hiyo twamwomba kijana wetu, atakapokwenda Magu, asikiguse kibuyu kwanza. Akae na bibi yake, amwulize: mbegu hii jina lake nani, na aliyempa ni nani, hupandwa luseni au mbugani, huiva baada ya miezi mingapi, mwaka gani wa njaa iliwaokoa, na mwaka gani iliwatupa, ndege waipenda au waikataa, kiduha chaionaje. Ayaandike kwa kalamu katika daftari, kwa maneno ya bibi mwenyewe, hata kama ni ya Kisukuma. Kisha amwombe kiasi cha vikombe viwili, vilivyokauka vizuri, avipeleke Ukiriguru pamoja na karatasi ile, kwa kuwa punje isiyo na habari zake huwapa wataalamu kazi ya miaka. Vikombe vilivyobaki avirudishe juu ya meko. Na jina la mbegu hiyo, tukiletewa, tutalichapisha.